Mwaka Tuliofunga Taa Nyeupe

Mama tulimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi, waombolezaji wengi wakiwa wameshateremka mlima na vijana wakikunja maturubai, Baba aliniuliza kama lile gari bado liko nyuma ya banda la ng'ombe. Nikamwambia lipo, litaenda wapi, matairi yameisha upepo na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. "Nipeleke," akasema. Baba sasa haoni kabisa, usiku wala mchana, kwa hiyo nilimshika mkono tukapita katikati ya migomba taratibu, fimbo yake ikigonga kila kitu na yeye akinung'unika nani kaacha ndoo njiani. Tulipofika aliweka kiganja juu ya boneti, akateremsha mkono mpaka kwenye kioo cha taa ya kushoto, akakifuta kwa mkono wa koti. Nilifungua boneti. Kile kiboksi cha kuwashia taa, tunachokiita balasti, kilikuwa palepale nilipokifunga mimi mwenyewe, kimekazwa kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. "Bado zipo?" akauliza. Nikamjibu zipo zote mbili. "Mama yako hakuzipenda hata siku moja," akasema, na hapo ndipo nilipomwona Baba analia, maana kanisani hakulia, na kaburini hakulia.

Sitasimulia habari za ukoo. Kila mtu ana ukoo, na wa kwetu hauna la ajabu. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule mwaka ambao kila kijana wa Moshi mwenye gari alitaka taa za zenoni, zile zinazowaka nyeupe mpaka zinaelekea buluu. Nilikuwa msichana bado, nauza vipuri vya magari katika duka la Mzee Rajabu pale mtaa wa Soweto, na nimepanga chumba uani nyuma ya duka hilohilo. Chumba chenyewe kitanda, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama ukuta. Harufu ya oili haikutoka kwenye shuka zangu hata nifue mara ngapi, na kupitia ukuta nilimsikia Mzee Rajabu kila alfajiri akibishana na mkewe kuhusu sukari kwenye chai. Mzee huyu alizaliwa Moshi, kwa baba Mrangi na mama Mpare, na alijua Kichagga cha matusi kuliko mimi. Wateja wakija na kuuliza fundi wa umeme yuko wapi, alikuwa ananinyooshea kidole bila kuinua macho kwenye gazeti. Wengine walicheka. Niliwaacha wacheke, nikawatengenezea taa zao, wakaenda. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijui kwa nini watu bado wanashangaa.

Baba alikuwa Mwika, juu mlimani, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na gari lake dogo jeupe la mtumba. Watu wa chini hawawezi kuelewa gari moja lina maana gani mlimani. Mtu akiugua usiku, ni Baba. Bibi harusi akitoka kwao, ni Baba. Jeneza likiwa hospitalini na ndugu hawana usafiri, Baba anatafuta lori na yeye anatangulia mbele kuonyesha njia. Hakuwa na cheo chochote kanisani wala kijijini, kahawa yake ilikuwa ya kawaida, na kwenye vikao vya pombe ya mbege hakuwa msemaji. Lakini watoto wote wa kitongoji walijua mlio wa injini yake, na usiku mtu akigonga mlango, yeye ndiye aliyekuwa anaitwa. Heshima yake yote ilikuwa humo. Kwa hiyo Krismasi ile, jamaa walipopanda kutoka Dar na magari yenye taa nyeupe, yakimulika migomba mpaka ukaona mkungu mmoja mmoja, Baba alisimama getini akitazama muda mrefu, na mwezi wa kwanza, tukiwa jikoni tunakunywa mtori wa ndizi, akaniambia, "Felista, mwanangu, taa zangu zimechoka. Siku hizi hazionyeshi. Nitafutie hizo nyeupe." Nikamwambia nitakagua waya kwanza. "Waya hazina shida," akasema. "Nitafutie nyeupe." Mama alikuwa anakoroga chungu. Aliacha kukoroga.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu Mama. Mama hakuwa mtu wa maneno. Nyumbani unaweza kukaa naye mchana mzima mnachambua maharage na asiseme zaidi ya "sogea" na "chumvi iko wapi." Lakini ndani ya gari alikuwa mtu mwingine. Kila safari ya jioni alikuwa anapanda na Baba, hata kama safari haimhusu, anakaa kiti cha mbele kushoto amejifunga kitenge mabegani, na toka wanapotoka getini mdomo haupumziki. Mimi nilikuwa nyuma mara nyingi nikisikia. "Kwa Temba wamefyeka ua, sasa nyumba yote iko wazi, inakuja hiyo." Mbele kidogo: "Nilimwambia Mama Eligi asianike kahawa karibu na barabara, na leo kaanika tena, upande wangu huku." Baba anavuta usukani kulia. "Ule mkaratusi wa mwalimu utaanguka siku moja. Mkubwa mno. Umefika mpaka ukingoni." Baba anapunguza mwendo, anakata kona. Mimi nilikuwa nacheka nyuma, nikimwambia, "Mama, kumbe ukipanda gari ndiyo ulimi unafunguka?" Ananijibu, "Gari linanipa usingizi nisipoongea." Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Zenoni zenyewe tulizipata kwa kubahatisha. Boksi jipya lilikuwa la watu wenye uwezo, na sisi hatukuwa watu hao. Lakini dukani kulikuwa na boksi moja lililorudishwa na mteja kwa sababu globu zake hazikuwa pacha: moja nyeupe ya buluu, nyingine nyeupe ya manjano, kama maziwa na maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hakuna kijana wa mjini aliyetaka gari lenye macho mawili tofauti. Mzee Rajabu akaniambia chukua, mpelekee baba yako, huko mlimani ng'ombe hawatajali rangi. Nikapanda nazo Jumamosi na begi la vifaa, na siku nzima Baba alikuwa pembeni yangu akishika hiki na kile. Kifuniko cha nyuma ya taa kilikuwa hakina tundu la kupitishia waya, tukakitoboa kwa msumari uliotiwa motoni, tukaziba kwa silikoni ili mvua isiingie. Kishikio cha balasti hakikuwemo kwenye boksi, nikakata kimoja kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, kingine nikafunga kwa mpira wa baiskeli. Fyuzi ikaungua mara moja, ikaungua tena, kwa kuwa waya za zamani zilikuwa nyembamba mno kwa umeme ule mwingi wa kuanzia, ikabidi nivute waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuweka rilei. Mama alituletea kiburu cha ndizi na maharage, tukala tumesimama, mikono imejaa grisi, Baba akimega na kunilisha kwa sababu mimi sikuwa na mkono msafi. Nilikuwa mtu mzima ninayejilipia kodi, na baba yangu ananilisha uani. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena.

Jioni tukawasha. Kwanza zikatoa mwanga wa buluu, zikatetemeka, halafu zikatulia, nyeupe kabisa, na ua wote ukawa kama mchana. Majirani walikuja kutazama. Baba alisimama mbele ya gari, mikono mgongoni, akasema, "Sasa hapo." Kilichobaki kilikuwa kuzielekeza. Taa za namna hii zisipoelekezwa sawasawa zinamulika kila mahali isipokuwa barabarani, na njia ya kuzielekeza ni kuegesha gari mbele ya ukuta, kuchora mstari kwa chaki kwenye kimo cha taa, na kukaza skrubu mpaka mwanga ukae chini ya mstari kidogo. Tukafanya hivyo kwenye ukuta wa nyumba yetu. Nilipima, nikachora, nikakaza. Nilikuwa na uhakika na kazi yangu.

Basi, wiki iliyofuata malalamiko yakaanza. Dereva wa basi la alfajiri alisimama getini akasema mzee anampofusha. Kila gari lililokutana naye lilimpigia taa za fulu. Masika ilipoingia na ukungu ukashuka, ndipo mambo yakaharibika kabisa, kwa sababu mwanga mweupe kwenye ukungu unarudi usoni kwa dereva. Baba akanipigia simu akasema, "Mwanangu, hizi taa hazifiki barabarani." Nikapanda, nikaangalia, kweli zilikuwa zinamulika vilele vya migomba. Nikazishusha. Akasema bado. Nikazishusha tena, nikabadilisha soketi, nikafunika sehemu ya kioo kwa utepe mweusi. Bado. Mwezi wa sita mzima nilikuwa napanda na kushuka kwa ajili ya taa zile, na kila mara Mama alikuwa anatutazama kutoka mlangoni na kuuliza swali moja tu, "Na zikishindikana?" Baba anamjibu, "Haziwezi kushindikana. Felista ni fundi." Nilijivuna. Kwa kuwa taa zilikuwa na kosa kweli, hakuna aliyetafuta kosa jingine.

Aliyenifumbua macho kuhusu kosa la taa ni Mzee Rajabu. Siku moja nilikuwa namweleza, nimekata tamaa, akashusha gazeti. "Ulizielekeza wapi?" Nikamwambia ukutani, nyumbani. "Nyumbani Mwika?" Ndiyo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mkewe akaja kuona kuna nini. "Binti yangu, tangu uzaliwe umeona wapi Mwika mahali tambarare? Ninyi hata vitanda mnaviwekea jiwe mguu mmoja." Ua wetu unateremka kuelekea nyumbani. Sisi tumekulia hapo, tunauona umenyooka. Gari lilikuwa limeinamisha pua na mimi nikazinyanyua taa mpaka zikalingana na mstari, kwa hiyo likifika barabarani lilikuwa linatazama mbinguni. Na kila niliporudi kurekebisha, nilirekebisha palepale. Mzee Rajabu akafuta machozi, akaniambia mdogo wake ana mashine ya kukoboa mpunga Kahe, na mbele yake kuna uwanja wa saruji wa kuanikia, tambarare kama meza. "Mwambie baba yako ateremke na gari. Na mama naye aje ale wali."

Tulikwenda siku moja ya kiangazi, Baba, Mama na mimi, tukateremka mchana jua likiwa kali. Mama alikuwa hajawahi kufika Kahe. Alishangaa joto, alishangaa maji yanavyotembea kwenye mifereji mirefu iliyonyooka, alishangaa hakuna mahali pa kupanda wala pa kushuka. Mdogo wake Mzee Rajabu, tuliyemwita Baba Zaina, alitukaribisha vizuri sana. Tulikaa kwenye jamvi nyuma ya mashine tukala wali mpya na perege wa kukaanga, na vumbi la pumba lilikuwa limetanda hewani mpaka likawa kwenye chakula. Baba alisimulia habari za wagonjwa aliowahi kuwapeleka hospitali, wengine walipona na wengine hawakupona, na yule mtoto aliyezaliwa ndani ya gari karibu na Himo akapewa jina la Baba. Baba Zaina alitikisa kichwa akasema, "Mzee, wewe una thawabu nyingi mbinguni." Mama alikuwa anatoa miba kwenye samaki wa Baba na kumwekea nyama upande wake wa sahani. Niliona, nikadhani ni mapenzi tu. Na yalikuwa mapenzi.

Jua lilipotua tukaegesha gari mbele ya ukuta wa ghala, nikachora mstari, na ndani ya muda mfupi kazi iliyonitesa miezi ikaisha. Mwanga ulikaa ukutani umenyooka, kushoto umepanda kidogo kama inavyotakiwa. Hata tofauti ya rangi haikuonekana sana. Baba akaja akashika bega langu. "Sasa hapo," akasema. Tukaaga. Baba akakaa kwenye usukani, Mama kushoto kwake, mimi nyuma na mfuko wa mchele tuliopewa. Tukaingia njia ya vumbi inayofuata mfereji, na nakumbuka nilivyokuwa nimeinama mbele katikati ya viti nikitazama kazi yangu. Barabara yote ilikuwa wazi mbele yetu. Niliona nyasi, niliona panya akivuka, niliona mbali kabisa mahali ambapo njia inakata kulia na mfereji unapita mbele. Nikangoja Mama aanze maneno yake. Mama alikuwa kimya. Alikuwa ameshika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. Halafu akasema polepole, "Baba Felista, huku mimi sipajui." Baba alipunguza mwendo, akapunguza tena, amesogeza uso karibu na kioo. "Sipajui," Mama akarudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha. Mimi niliyekaa nyuma niliiona kona. Ilikuwa imemulikwa vizuri, nyeupe, kila jiwe. Nikasema, "Baba, kona," na yeye akaenda moja kwa moja.

Hatukuwa na kasi, ndiyo maana nipo hai ninasimulia. Gari liliingia mferejini kwa pua likasimama, maji yakafika kwenye magurudumu, na taa zikaendelea kuwaka zikimulika ukingo wa pili. Mama alijizuia kwa mkono wa kulia na kifundo cha mkono kikateguka. Nilikuwa nasikia maji yanapita chini yetu na nilikuwa naelewa kitu kimoja baada ya kingine, kwa Temba, kahawa ya Mama Eligi, mkaratusi wa mwalimu, safari zote zile za jioni nilizokuwa nacheka nyuma. Mama alikuwa anamsomea barabara. Miaka. Na mimi fundi nimekaa nabadilisha soketi. "Usukani umegoma," Baba akasema. Mama akasema, "Ndiyo, umegoma." Vijana wa mashine walikuja na kamba wakatuvuta, wakaujaribu usukani, ukazunguka kulia na kushoto bila shida yoyote, wakatazamana. Baba akaniambia niendeshe mimi kwa sababu bega linamuuma. Nilikuwa na leseni, niliendesha magari ya wateja kila siku. Nikaendesha kutoka Kahe mpaka Mwika.

Asubuhi nilimkuta Baba kwenye ua wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka. Kwetu jani la isale si la kuchezea. Ukimkosea mtu kosa zito unampelekea isale, na akipelekewa hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu iliyomwagika. Wanaume wazima hupelekeana kwa wazee wakiwa mashahidi. Sikuwahi kuona mume akimpelekea mke. Baba alichuma jani moja, akalifunga fundo kama desturi, akaenda jikoni ambako Mama alikuwa amekaa na mkono wake umefungwa khanga, akampa kwa mikono miwili. Mama alilitazama. "Aika," akasema, yaani asante, akalichomeka kwenye fito juu ya jiko. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikidhani basi, yamekwisha, sasa Baba atasema ukweli.

Hakusema. Ufunguo ukabaki kwenye mfuko wa shati lake. Mtu akija jioni kuomba usafiri, Baba anasema bega, au betri, au tairi, halafu analala ameudhika. Mara mbili aliona aibu kukataa, akaenda, na Mama akaenda naye na mkono wake uliovimba, akiongea njia nzima. Nilimwambia Mama, "Atawaua. Atajiua, atakuua wewe na mgonjwa." Akanijibu, "Najua." Nikamwambia mimi nitamwambia. Hapo Mama alinikazia macho, na nadhani ni sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia: "Felista, ukimnyang'anya utakuwa umemzika akiwa hai, na akiacha mwenyewe atakuwa ameacha tu, kwa hiyo mwache, na mimi nitakaa pale mbele mpaka atakaposema." Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa na hofu kwamba kifo kile hakitakuwa cha mficha maradhi peke yake. Kila simu ya Mwika ilipoita usiku pale Soweto, nilikuwa nakaa kitandani kwanza kabla sijaipokea.

Vuli ilipoanza nilipanda kusaidia kuchuma kahawa. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, tumekaa sebuleni watatu na taa ya chemli, vitambaa vya Mama kwenye makochi vyote vimenyooshwa, Baba akisikiliza redio ya betri. Mlango ukagongwa. Alikuwa Deo, kijana wa jirani aliyeoa mwaka uliopita, amelowa chapachapa. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mke wangu ameshikwa na uchungu tangu alasiri, mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, twende hospitali." Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba Deo alirudia mara mbili. Baba alizima redio. Na Mama, kabla hajasikia jibu, akainuka, akachukua kitenge chake kwenye msumari, akaanza kujifunga mabegani kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine bado haukuwa unanyanyuka vizuri. Kitenge kikadondoka. Akainama akakiokota, akaanza tena. Baba alikuwa anasikiliza. Sijui aliona kiasi gani kwa mwanga ule wa chemli, lakini alikuwa amegeuza uso upande wake.

"Deo," akasema. "Mimi usiku sioni."

Nilishika mkono wa kochi. Mama akasimama na kitenge mkononi.

"Sioni," Baba akasema tena, safari hii kwa sauti kubwa, kwa ajili ya mvua. "Nina miaka sioni. Mke wangu ndiye anayeona."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo miezi, na nilidhani yakitoka paa litaanguka. Deo alipangusa maji usoni. "Sawa, mzee," akasema. "Sasa nani ataendesha?"

"Felista ataendesha," Baba akasema, akatoa ufunguo mfukoni akaunyoosha upande niliokuwepo. Nikauchukua. Mama akaanza kuja nasi, kwa mazoea, na Baba akamshika nguo. "Wewe kaa," akamwambia. "Felista anaona."

Nililiendesha lile gari kwenye mvua mlima mzima, mke wa Deo nyuma amelala kwenye mapaja ya mkunga, Deo pembeni yangu akisali. Mvua si ukungu. Taa zilipenya. Niliona kila shimo kabla sijalifikia, niliona maji yalipovuka barabara na wapi hayajavuka, na tulipofika kwenye lami niliona mbali mpaka nikathubutu kukanyaga mafuta. Walimpasua palepale alipofika. Nilikaa kwenye benchi na Deo mpaka muuguzi alipotoka akasema mtoto wa kike, na mama yake yuko macho. Deo alitaka kunipa mkono akashindwa, akakaa chini sakafuni akacheka peke yake.

Nilirudi Mwika kukiwa kumeshapambazuka, mvua imekatika na mlima umejitokeza wote. Baba alikuwa kwenye kizingiti, na shati lilelile la jana. Nikazima injini. "Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mtoto?"

"Wa kike. Mama yake mzima."

Akageuza uso upande wa gari. "Na taa?"

"Taa nzuri, Baba. Zinaonyesha kila kitu."

"Eh," akasema, akatikisa kichwa mara kadhaa, ameridhika. "Nilijua. Wewe ni fundi." Jua lilikuwa limeshafika kwenye migomba na jiko lilikuwa baridi, halina moshi, na hicho kilikuwa kitu ambacho sikuwahi kukiona nyumbani kwetu. Mama ndiye aliyekuwa anaamka kabla ya kuku. Nikauliza Mama yuko wapi, nikapiga hatua niingie. Baba akanishika mkono.

"Amelala," akasema kwa sauti ya chini. "Alilala mlipoondoka tu, palepale kwenye kochi, hata viatu hakuvua. Miaka yote hii alikuwa analala akisikiliza mlango." Akanivuta nikae pembeni yake kwenye kizingiti. "Usimwamshe."